Chupa Isiyoandikwa Jina

Benki ya Damu
Jumatano, 4 Machi

Dada,

Wiki nzima nimekupigia na kukukasirikia, mpaka jana dereva wa gari letu aliponiambia simu yako ilizama kwenye beseni la nguo na mafundi wote wamefunga. Basi nakuandikia. Gari la damu linapita kwenu kila Alhamisi asubuhi likienda kituo cha sokoni, na alasiri linarudi. Dereva atakuachia barua akienda, atachukua jibu akirudi. Amesema atapiga honi mara mbili, ya tatu hapigi, kwa hiyo usimzungushe.

Mimi sitoki. Tumehamishiwa bweni la wanafunzi wa unesi, nyuma ya maabara, ili tusibebe ugonjwa kwenda na kurudi. Nina kitanda, ndoo, na dirisha linalotazama ukuta. Kutwa nashinda na daftari la wachangiaji na simu ya mezani. Kazi yangu imebaki kuomba. Mwaka jana nikipiga simu ishirini, walikuja watu kumi na wawili. Jana nimepiga sitini na moja. Amekuja mmoja, naye alidhani tunagawa barakoa.

Nikuambie wanavyonijibu? Fundi cherehani mmoja, mzee wa watu, ameshachangia mara kumi na nane: "Binti yangu, mwaka huu kila mtu akae na damu yake." Kijana wa duka la dawa: "Mkinipima mkakuta ninao, mtanifungia. Mimi sijui kama ninao, na sitaki kujua." Mwanamke mmoja alicheka tu: "Anti, watu wanachangia harusi. Damu? Wakati huu?" Nikacheka naye. Nilipokata simu nikakuta nimeitafuna kalamu mpaka imepasuka.

Zamu ya mwanetu Chiriku kuongezewa damu ni tarehe 20. Unajua haya kuliko mimi, lakini nikiandika napata utulivu. Selimundu inazivunja chembe zake za damu kila siku, na bila kuongezewa hafiki mbali. Kundi lake ni O hasi, hawezi kupokea lingine. Katika daftari langu lote watu wa O hasi ninaoweza kuwafikia ni wawili: mimi, na yule jirani yako muuza nyama. Mimi nitatoa wiki ijayo, miezi yangu minne inatimia. Naomba umwambie muuza nyama aje sokoni Alhamisi ya wiki ijayo. Hajawahi kukataa.

Mbusu Chiriku. Mwambie mama mdogo anataka kumsikia akiimba, hata kwa maandishi.

Mdogo wako


Nyumbani
Alhamisi, 5 Machi

Mdogo wangu, msomi wa majokofu,

Barua! Mara ya mwisho kuandikiwa barua nilikuwa darasa la sita, nayo ilikuwa ya kuniita nilete mzazi. Dereva wako ana haraka utadhani kaiba hilo gari. Alitaka kuniazima simu yake nikupigie, nikamwambia hapana, aliyeniandikia nitamwandikia.

Chiriku hajambo. Anakula, anaimba, ananichosha. Kwa kuwa shule zimefungwa amenifungulia yake. Ananipanga mstari mmoja na mito ya kochi, anatufundisha kutoa kwa kukopa, na wa mwisho darasani ni mimi. Sasa hivi yuko kwa jirani. Baba yake bado amekwama huko kwenye ujenzi wa barabara, hawaruhusu magari ya abiria kuvuka.

Muuza nyama ana kazi nyingi siku hizi. Nitamkumbusha.

Hapa bombani tunasimama mbalimbali, kila mtu na ndoo yake na barakoa yake, tunapiga kelele kama viziwi. Habari ni hiyo moja tu. Kuna anayeapa kwamba hospitali unaingia na kidole kilichokatwa na kisu, unatoka umefunikwa shuka. Nikuulize, ile wodi ya Chiriku bado iko ukuta mmoja na wodi ya wale wagonjwa? Naulizia tu. Tarehe 20 tutakuja.

Dada yako


Benki ya Damu
Jumatano, 11 Machi

Dada,

Jana nimetoa. Nesi aliyenichoma aliniambia, "Ukiishiwa damu nani atagombana na watu kwenye simu?" Nikamwambia nitagombana nikiwa nimelala.

Sasa nakuambia jambo, na ukishasoma uichome barua. Hapa hakuna chupa yenye jina la mgonjwa. Tunaita chupa, ingawa ni mfuko wa plastiki. Unaandikwa kundi, siku damu ilipotolewa na siku ya kuharibika, basi. Mgonjwa wa kwanza kuihitaji ndiye anayepewa, awe nani. Sheria hiyo nimewafundisha wasichana watatu kwa mdomo wangu mwenyewe. Jana chupa yangu sikuiingiza daftarini. Iko rafu ya chini, nyuma ya maboksi ya dawa za kupimia, mahali ambapo hakuna anayeinama isipokuwa mimi. Ina siku thelathini na tano. Mwisho wake ni 14 Aprili.

Sisemi nimefanya vizuri. Nasema damu ni yangu na mtoto ni wetu.

Wodi, ndiyo, ukuta ni mmoja. Milango ni miwili. Siwezi kukuapia kwamba hakuna hatari, unanijua siwezi. Lakini ningekuwa na namna ya kukuletea chupa nyumbani ningetembea nayo kwa miguu. Lazima yeye aje.

Kesho mwone muuza nyama akiwa bado hajafungua duka.

Mdogo wako


Nyumbani
Alhamisi, 12 Machi

Mdogo wangu,

Nimeichoma. Umefanya vizuri hata kama husemi.

Muuza nyama anasema mgongo unamsumbua. Tarehe 20 tutakuja, nimeshafua lile gauni lake la njano.

Dada yako


Benki ya Damu
Jumatano, 25 Machi

Dada,

Hamkuja. Ijumaa nilimwomba mlinzi wa getini aniite akimwona mama na mtoto wa gauni la njano. Aliniita mara mbili. Mara zote mbili nilikimbia, na walikuwa watu wengine. Wa pili alimwambia binti yake, "Msalimie anti," na mimi nikageuka nikaondoka kama mtu asiyefunzwa adabu.

Mabasi yamesimama, najua. Ndiyo maana nimeongea na dereva. Atawachukua kesho kiti cha mbele, ni kinyume cha utaratibu lakini amekubali. Anasema jambo moja lakini. Anasema wiki tatu anapita na hajamwona Chiriku mlangoni hata mara moja.

Nijibu swali hili peke yake, mengine acha. Macho yake yana rangi gani?

Mdogo wako


Nyumbani
Alhamisi, 26 Machi

Mdogo wangu,

Macho yana rangi ya macho. Una maswali wewe! Alikuwa ndani anajifunika blanketi kwa sababu nimemkatalia peremende, ndiyo maana dereva hakumwona. Nesi wa zahanati ya hapa amesema tunaweza kungoja kidogo.

Mtaa wa juu wamezika wawili wiki hii. Mmoja alikwenda hospitali kung'oa jino. Jino! Halafu wewe unaniambia milango ni miwili.

Sijakataa. Nimesema hali ikitulia. Naomba usinisukume, nikisukumwa nakuwa mbaya, unanijua tangu utoto.

Dada yako


Benki ya Damu
Jumatano, 1 Aprili

Dada,

Jana limenikuta jambo hapa kazini. Siwezi kuliandika. Silali, chakula hakipiti kooni, na sitaki mtu aje karibu yangu. Wenzangu nimewaambia waniache, nakaa mwisho wa bweni peke yangu.

Njoo. Kesho dereva akipiga honi toka na Chiriku, hivyo hivyo mlivyo. Nikimwona yeye amekaa mbele yangu nitaweza kuvumilia. Usiniulize kitu. Njoo tu.

Mdogo wako


Nyumbani
Alhamisi, 2 Aprili

Mdogo wangu kipenzi,

Nimeelewa. Hukuwa na haja ya kuutaja. Umeupata.

Nimelia mpaka nimeshindwa kuwasha moto. Kunywa maji ya moto, ujifukize, lala ubavu. Usikubali wakuhamishie ile wodi kama unaweza kusimama. Lakini nimlete mtoto humo humo, akukumbatie? Unavyompenda, wewe mwenyewe homa ikikuachia kidogo utaniambia nilifanya sawa. Tutangoja upone. Barua nyingine dereva aiache chini ya jiwe, nimemwambia asinikaribie, na wewe usijibu kama huna nguvu.

Dada yako


Benki ya Damu
Jumatano, 15 Aprili

Dada,

Siumwi. Sikuwa naumwa. Nilipoisoma barua yako nilipiga kelele mpaka nesi akaja mbio.

Wiki iliyopita gari halikuja kwenu kwa sababu wachangiaji hakuna, kituo cha sokoni sasa ni mara moja kwa wiki mbili. Nikampigia muuza nyama nimwombe akupe simu. Mara tisa haikupokelewa. Mara ya kumi nikatumia simu yangu ya mkononi, akapokea mkewe. Aliposikia tu natokea benki ya damu akasema, "Tumeshasema hatutoi," akakata.

Sasa nitakuandikia nililoshindwa kuandika. Tarehe 31 Machi, adhuhuri, daktari wa wodi ya wazazi alishuka mwenyewe mpaka kwangu. Kuna mama amejifungua, damu haikatiki, kundi O hasi. Akaniuliza, "Hasi ipo?" Nikasema haipo. Akaniuliza tena, kwa upole, kama mtu anayeulizia njia. Nikasema haipo. Mume wa yule mama alikuwa amesimama dirishani kwangu, mkono wa shati ameupandisha mpaka begani, anasema, "Chukueni yangu. Chukueni yote." Kundi lake halikufaa. Toka kitini kwangu mpaka mpini wa jokofu ni hatua tatu. Nilizihesabu kwa macho, mara nyingi. Nikajiuliza, nikisimama sasa, kesho Chiriku akifika nitampa nini? Nikakaa.

Alifariki saa nane. Aliyezaliwa yuko hai, ni wa kike.

Nilidhani sheria ya kutoandika majina iliwekwa na watu wasio na ndugu.

Jana ilikuwa 14 Aprili. Nimeitoa chupa nyuma ya maboksi, nimeitia kwenye pipa la taka za hospitali kwa mkono wangu. Ilikuwa baridi na nzito. Haikumfaa mtu yeyote. Mimi siwezi kutoa tena mpaka mwezi wa saba. Lakini mlete Chiriku hivyo hivyo, dada. Nitapiga simu miji yote. Nitakwenda nyumba kwa nyumba wakinifukuza kazi, na wanifukuze tu.

Mdogo wako


Nyumbani
Alhamisi, 16 Aprili

Mdogo wangu,

Chiriku alifariki Jumapili. Tulimzika Jumatatu, watu saba, ndiyo idadi waliyoturuhusu. Baba yake aliyasikiliza mazishi kwenye simu ya muuza nyama. Wewe niliwakataza wasikupigie. Nilisema yule naye yuko kitandani, tusije tukammaliza.

Macho yalikuwa ya njano, kama kila damu yake inapopungua, tangu mwanzo wa Machi. Uliniuliza rangi, nikakufanyia mzaha. Simu ya dereva niliikataa kwa sababu ungemsikia anavyohema nyuma yangu. Hakuwa kwa jirani hata siku moja. Hakuna nesi aliyeniambia ningoje, zahanati imefungwa tangu mwezi wa pili. Nilikuwa namtazama mtoto anapauka, natazama barabara ya hospitali, na nikashindwa kuchagua, nikadhani kutochagua ni kungoja.

Jumapili asubuhi hakuweza kukaa. Hapo hofu ya hospitali ikanitoka yote mara moja. Muuza nyama akatoa gari lake la nyama, lile la kiti kimoja kirefu mbele, mimi dirishani, Chiriku katikati. Alikuwa amemwegemea muuza nyama begani. Kwenye kizuizi cha barabara wakatudai kibali. Wakati askari anazunguka gari, muuza nyama akaniambia, bila ubaya wowote, "Mama Chiriku, mimi damu ningetoa. Ni mke wangu. Alisema wewe umesema."

Ni kweli nilisema. Wiki ile ile uliyoniandikia nimwambie aje sokoni, nilikuwa bombani, nina hofu, na sikutaka kuogopa peke yangu. Nikawaambia wanawake wote: mdogo wangu anafanya kazi huko huko ndani, ananiambia sindano za lile gari ndizo zinazoleta ugonjwa. Nilikutaja wewe ili waniamini. Nikaona macho yao yanavyofunguka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikajisikia nafuu. Halafu nikarudi ndani nikakuandikia kwamba ana kazi nyingi.

Askari alipotufungulia kizuizi, mtoto alikuwa ameshakwenda. Muuza nyama hakusogeza bega lake. Tuligeuza gari tukarudi hivyo hivyo, mtoto ameegemea damu ya kundi lake mwenyewe.

Kuhusu yule mama wa wodi ya wazazi, umeniandikia kama mtu anayengoja hukumu. Kwangu huipati. Ningejua, ningekuambia ufiche mbili.

Dada


Benki ya Damu
Jumatano, 29 Aprili

Dada,

Wiki mbili nimeanza barua hii kila siku na kila siku imeishia kwenye jina lako.

Nilimwendea mkuu wa maabara nikamweleza yote, chupa, maboksi, hatua tatu. Nilitaka anitoe pale. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalisogeza daftari la simu mbele yangu. "Sina mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti hicho," akasema. "Piga." Nikapiga. Mtaa wenu una watu thelathini na wanne katika daftari langu. Hakuna aliyepokea.

Kesho gari linakuja kwenu. Sina haki ya kukuomba kitu, na bado nakuomba. Nenda bombani uwaambie ulivyoniambia mimi. Wewe wanakusikiliza.

Mdogo wako


Nyumbani
Alhamisi, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekwenda. Sikukwenda kwa ajili yako, wala kwa ajili ya wagonjwa wako. Nilikwenda kwa sababu nyumba iko kimya.

Walinipisha foleni, wakanishika mkono, siku hizi hawashikani lakini walinishika. Nikawaambia: niliwadanganya, mdogo wangu hakusema vile, gari halileti ugonjwa, mwanangu ameondoka kwa kukosa chupa ya damu na aliyekuwa nayo nilimtisha mimi. Nilisema yote, taratibu, mpaka ndoo ya mtu ikafurika na hakuna aliyefunga bomba.

Mmoja akanifuta uso kwa kanga yake. "Uchungu unakusemesha, mama. Nenda kapumzike." Mke wa muuza nyama hakunitazama, alisema kwa ndoo yake, "Siku ile ulikuwa na akili zako, ndiyo siku tuliyokusikia."

Basi nikasema nitawaonyesha. Nikawaambia nifuateni sokoni, wakanifuata na ndoo zao, labda kwa kuogopa nitaanguka njiani. Walisimama ng'ambo ya barabara, mimi nikapanda kwenye gari lenu. Kiti kilikuwa kitupu, maboksi matupu. Nesi akafurahi kuniona mpaka nikaona haya. Akanichoma kidole, akachukua tone, akalidondosha kwenye kile kichupa cha maji ya bluu. Akaniambia likizama damu inatosha. Tukalitazama wote wawili. Likaelea.

"Mama, unakula wewe?" akaniuliza. "Damu yako haitoshi, siwezi kukutoa. Rudi baada ya miezi mitatu."

Nikashuka na pamba kidoleni. Wanawake walikuwa wameniona nilivyopanda na wameniona nilivyoshuka, haikufika dakika tano. Mke wa muuza nyama akasema kwa sauti, wote wasikie, "Mmeona? Hata damu yake wameikataa. Wanajua wenyewe walichomfanyia mtoto wake." Wakaanza kujitwisha ndoo.

Nikafungua mdomo niwaeleze habari ya tone na maji ya bluu. Na mdogo wangu, sikupata neno hata moja ambalo sikuwa nimeshalitumia kuwadanganya.

Dereva anangoja barua hii. Gari linarudi kwako kama lilivyokuja.

Dada yako